Kitufe Kinachosahau: Hali za Ndani, Vigeu au Matabaka?

Wiki chache kabla ya minada ya korosho kuanza, karani wa chama kimoja cha msingi cha upande wa Nanyamba alinifuata Ligula, mjini Mtwara, pale ninapofanyia kazi, simu mkononi. Somo nililowatengenezea makarani lilikuwa na slaidi yenye vitufe vinne: Mizani, Unyevu, Daraja na Stakabadhi. Ukishavisoma vyote, kitufe cha Endelea kinafunguka. Kwake kilikuwa kimegoma.

"Mwalimu, hiki kitu chako kinasahau."

Akabonyeza Mizani, tiki ya kijani ikatokea. Akabonyeza Unyevu, tiki ya Unyevu ikaja, ile ya Mizani ikapotea. Akarudi Mizani, Unyevu nao ukaoga, ukatakata, kama haujawahi kuguswa. "Umeona? Ukikipa cha pili, cha kwanza kinasahau."

Jioni mbili nilikuwa nimekaa na kompyuta nikisema kitufe kimeharibika. Karani asiyejua lolote kuhusu programu alitumia nusu dakika kulitaja tatizo kwa jina lake. Tangu siku ile, kitufe kikinisumbua naanza na swali lake: kumbukumbu ya kitufe hiki inakaa wapi, na inatakiwa idumu hadi lini?

Makala hii ni ya mtu aliyekwama hapo: una vitufe vinavyotakiwa kuonyesha kwamba mwanafunzi ameshapita, na hujui uviongoze kwa njia ipi. Nitatumia Articulate Storyline, programu ya kutengeneza masomo ya kompyuta, kama mfano, kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwa wengi wanaotengeneza masomo ya namna hii. Njia ni tatu: hali (yaani sura mbalimbali za kitufe) zilizojengwa ndani ya kitufe, vigeu pamoja na hali za kujitungia, na matabaka, yaani karatasi zinazofunguka juu ya slaidi. Ya nne, ya kuhama programu kabisa, nitaigusa tu.

## Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeiuliza mambo yale yale. Kumbukumbu inakaa wapi, na mwanafunzi akitoka kwenye slaidi akarudi, inamsubiri? Njia hii huharibika vipi, na kosa lake huonekana upesi au hujificha? Kwenye simu inakuwaje, maana wanafunzi wangu wa Tandahimba na Newala hawana kompyuta mezani, wana simu yenye kioo kilichopasuka na bando la siku? Kazi ya kuijenga na kuitunza ni kiasi gani? Mwisho, inamfaa nani?

Sikuweka kigezo cha uzuri wa sura. Tiki inaweza kupendeza kwa njia yoyote kati ya hizi.

## Kwanza hakikisha ni hali kweli

Toa robo saa kabla hujabomoa chochote, kwa sababu kitufe hulaumiwa sana kwa makosa ya majirani zake.

Kitu kinaweza kuwa kimekaa juu yake. Kisanduku cha maandishi kisicho na rangi, au eneo la kubonyeza ulilolichora wiki iliyopita ukalisahau, linaweza kumeza mguso wote. Tazama mstari wa muda: kilichoorodheshwa juu ndicho kilicho mbele. Ficha kimoja kimoja kwa alama ya jicho hadi ukione kinachokaba.

Tazama pia mpangilio wa triga, yaani zile amri za "mtu akifanya hiki, kitokee kile". Zilizofungwa kwenye tukio moja husomwa kutoka juu kwenda chini. Ukiweka "nenda slaidi inayofuata" juu na "badilisha hali ya kitufe" chini yake, slaidi imeshaondoka kabla amri ya pili haijafikiwa. Zibadilishe nafasi, tatizo limekwisha.

La tatu lilinila jioni nzima. Unarekebisha somo, unalipakia upya kwenye mfumo wa masomo, unalifungua, na vitufe vinafanya vile vile vya jana. Unarekebisha tena, bado. Kumbe mfumo umetunza kumbukumbu za jaribio lako la zamani, na kila ukifungua unakurudishia hali zile zile za kale. Tengeneza mwanafunzi wa majaribio, na kila toleo jipya lijaribu kwa jaribio jipya.

Na usipime kwa kutazama slaidi moja peke yake. Kosa la kusahau huonekana ukitoka na kurudi, kwa hiyo tazama sehemu nzima.

## Njia ya kwanza: hali zilizojengwa ndani

Storyline inakuja na hali zenye majina ambayo tayari ina maana nazo: Normal ni sura ya kawaida, Hover ni kipanya kikipita juu, Down ni wakati kinabonyezwa, Visited ni kimeshabonyezwa, Selected ni kimechaguliwa, Disabled ni kimefungwa, Hidden ni kimefichwa. Ukiongeza hali ya Visited kwenye kitufe na kuchora tiki ndani yake, basi. Mwanafunzi akibonyeza, tiki inakuja yenyewe. Huandiki triga hata moja.

Kumbukumbu inakaa wapi. Ndani ya kitufe, kwenye slaidi ile ile. Slaidi ina mpangilio wa nini kifanyike mtu anaporudi: programu iamue yenyewe, iendelee na hali iliyotunzwa, au ianze upya. Usiiachie programu iamue. Chagua mwenyewe kuendelea na hali iliyotunzwa, na nusu ya malalamiko ya "kinasahau" yatakoma hapo. Ila jua mpaka wake: slaidi nyingine haiwezi kukiuliza kitufe hiki kama kimebonyezwa. Kumbukumbu yake haivuki slaidi.

Inaharibikaje. Hapa kuna mengi, na karibu yote hutokana na sisi kuingilia kazi inayofanyika yenyewe. Watu wa huku wanaijua kangomba: korosho ina njia yake rasmi, chama cha msingi, ghala, stakabadhi, mnada, halafu anatokea mtu usiku na kipimo chake, ananunua pembeni, asubuhi hesabu za ghala hazikubaliani na za shamba. Triga inayosema "badilisha kitufe kuwa Visited kikibonyezwa" ni kangomba. Programu ilishafanya kazi hiyo. Sasa wako wawili, na siku mmoja atakapochelewa au kuelekezwa kwa kitufe kisicho chake, hutajua nani kafanya nini. Mimi nilinakili triga ya kitufe cha tatu nikaibandika kwenye cha nne, nikasahau kubadilisha jina la kitufe kinacholengwa. Ukibonyeza cha nne, cha tatu kinajibu. Dawa ni kufuta triga zote zinazogusa hali zenye kujiendesha, kisha kuangalia nini kimebaki kibovu.

Kosa la karani wa Nanyamba lilikuwa jingine. Nilitumia Selected mahali pa Visited. Zinafanana kwa jina na hata kwa sura uliyoichora, lakini tabia ni mbali kabisa. Selected ni ya kuchagua, kama jibu la swali: ukibonyeza mara ya pili inaondoka, na vitufe vikiwekwa kwenye seti moja, kimoja tu ndicho kinachoweza kuchaguliwa kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimevifunga vinne vyangu kwenye seti. Kwa hiyo kila kilichobonyezwa kilimvua mwenzake tiki, na mlango, yaani kitufe cha Endelea, uliokuwa unasubiri tiki nne haukuwahi kuziona pamoja. Vingesubiriana hadi msimu uishe.

Lipo na la mlango kujifunga upya. Watu wengi huandika triga ya "slaidi ikianza, funga kitufe cha Endelea", kisha nyingine ya "vitufe vyote vinne vikiwa Visited, kifungue". Mara ya kwanza kila kitu ni sawa. Mwanafunzi akirudi nyuma baadaye, slaidi inaanza, Endelea inafungwa, na vitufe vilivyokwisha kuwa Visited havibadiliki tena, kwa hiyo hakuna tukio la kuufungua. Amefungiwa ndani ya chumba alichokwisha kukipita. Iwekee triga ya kufunga sharti: ifunge pale tu ambapo angalau kitufe kimoja bado hakijabonyezwa.

La mwisho ni la uzembe wa kawaida: unaingia kuhariri hali, unachora tiki, unasahau kutoka, unaendelea kuweka picha na maandishi. Vyote ulivyoweka baada ya hapo vimeingia ndani ya hali hiyo moja. Ukiona kitu kinatokea tu baada ya kubonyeza, tafuta humo.

Kwenye simu. Inakwenda vizuri, ila Hover isahau. Kidole hakipiti juu ya kitufe, kinakigonga. Maelezo uliyoyaficha kwenye Hover hakuna karani atakayeyasoma.

Kazi. Ndogo kuliko zote. Vitufe vinne, triga moja ya mlango.

Inamfaa nani. Anayeanza, na yeyote ambaye mambo yake yanaanzia na kuishia kwenye slaidi moja.

## Njia ya pili: vigeu na hali za kujitungia

Kigeu ni kisanduku cha kumbukumbu unachokipa jina. Kwa kazi yetu, kinabeba ndiyo au hapana. Unaunda kwa mfano kigeu cha mizani_imesomwa, kinaanza na hapana, na kitufe kikibonyezwa kinageuka ndiyo. Kwenye kitufe unaongeza hali uliyoitunga mwenyewe, yenye jina lisilofanana na zile za programu. Mimi naiita "tayari". Programu haiijui hali hiyo, haitaigusa, kwa hiyo bosi ni mmoja tu na ni wewe.

Kumbukumbu inakaa wapi. Kwenye somo zima, na hapo ndipo njia hii inapoziacha nyingine. Slaidi ya menyu inaweza kujua kilichotokea slaidi kumi mbele. Ukiwa na menyu yenye sura tano, na sura inatakiwa ipate tiki mwanafunzi anapofika mwisho wake, si anapoigusa tu, hali za ndani hazikufikishi. Visited ya kitufe cha menyu inasema "ameingia", haisemi "amemaliza". Kigeu unakigeuza pale unapotaka, kwenye slaidi ya mwisho ya sura.

Inaharibikaje. Kwa kusahau sehemu moja ya mnyororo. Kigeu kinakumbuka, lakini kitufe hakijui mpaka kiambiwe. Inabidi slaidi ya menyu ikianza iwe na triga: kama mizani_imesomwa ni ndiyo, kipe kitufe cha Mizani hali ya "tayari". Ukiiacha, na slaidi ikawa imepangwa kuanza upya, mlango utafunguka huku vitufe vyote vikiwa vyeupe, na mwanafunzi atadhani programu imerogwa.

Mtego mwingine ni wa kuhesabu. Mtu anaona vigeu vinne ni vingi, anatengeneza kimoja cha namba: kila kitufe kikibonyezwa ongeza 1, ikifika 4 fungua mlango. Inaonekana ni ujanja. Mpe mwanafunzi mwenye haraka, atabonyeza Mizani mara nne, na cheti anacho. Ukitaka namba lazima, iwekee sharti: ongeza 1 kama tu kitufe hiki hakijawahi kubonyezwa. Sasa unahitaji kukumbuka kama kimewahi kubonyezwa, na umerudi kwenye vigeu vyako vinne.

Na kitufe cha Anza Upya. Vigeu havijisafishi mtu anaporudishwa slaidi ya kwanza. Usipovirudisha kuwa hapana kimoja kimoja, anaanza somo akikuta tiki za safari iliyopita.

Faraja ni kwamba kosa hapa linatazamika. Weka kwa muda thamani ya kigeu kwenye kona ya slaidi kama maandishi, uione ikigeuka mbele ya macho yako unapobonyeza. Ikigeuka na tiki isije, kosa liko kwenye triga ya sura. Isipogeuka, liko kwenye triga ya kitufe. Kwa njia ya kwanza huna dirisha kama hilo.

Kwenye simu. Hakuna tofauti na ile ya kwanza.

Kazi. Kubwa. Kwa vitufe vyangu vinne nilihesabu triga 16: nne za kugeuza vigeu, nne za kubadili sura papo hapo, nne za kurudisha sura slaidi ikianza, nne za kuukagua mlango kila kigeu kinapogeuka. Vitufe 10 ni triga 40. Bila majina ya maana, hutatoka. Kitu kinachoitwa Rectangle 14 hakimwambii mtu chochote baada ya miezi mitatu, hata kama mtu huyo ni wewe.

Kuna na mzigo usioonekana. Somo likiwekwa kwenye mfumo kwa kiwango cha SCORM 1.2, yaani kanuni za jinsi somo na mfumo vinavyopeana taarifa, mahali pa kutunzia kumbukumbu za mwanafunzi pana nafasi ya herufi 4,096 tu. Humo zinaingia hali za vitufe, vigeu, slaidi alizopita, vyote pamoja. Somo refu lenye kumbukumbu nyingi linaweza kuzidi, na mfumo unaofuata sheria kwa ukali unakata ziada. Matokeo yake ni ugonjwa wa ajabu: mwanzo wa somo unakumbukwa sawasawa, lakini mwanafunzi akifika mbali, akafunga na kurudi kesho, anakuta mambo yamevurugika. Ukitazama kwenye kompyuta yako huwezi kuliona hilo, kwa sababu huko hakuna mfumo wa kukata. SCORM 2004 toleo la tatu iliongeza nafasi hadi herufi 64,000. Moodle, mfumo wa masomo ambao vyuo vingi vinautumia, inasaidia rasmi SCORM 1.2, lakini msimamizi wake anaweza kulegeza masharti ya kiwango ili ipokee zaidi ya zile 4,096. Muulize kabla hujaanza kupunguza vigeu.

Na kumbukumbu hizi zote, za njia yoyote, husafiri kwa mtandao kwenda kwenye mfumo. Mei 2024 tulikuwa bado tunahesabu hasara za Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar imekatika maeneo ya Kilwa, mara nyaya za intaneti za baharini nazo zikapata hitilafu. Wanafunzi waliokuwa katikati ya somo walirudi wakakuta tiki za jana tu. Hapo usikifungue kitufe kukitafuta ubaya.

Inamfaa nani. Mwenye somo la sura nyingi, menyu ya kurudi mara kwa mara, au masharti ya kumaliza yenye uzito, kama cheti.

## Njia ya tatu: matabaka

Hapa kitufe kinabaki kitufe. Kila kimoja kinafungua tabaka lake lenye maelezo, na tiki ni picha inayojitegemea, imewekwa kwenye slaidi ya chini ikiwa imefichwa. Mtu akifunga tabaka la Mizani, picha ya tiki ya Mizani inaonyeshwa. Wengine huweka hata tiki zenyewe kwenye matabaka, kila tiki na lake.

Kumbukumbu inakaa wapi. Kwenye slaidi, imegawanyika kati ya slaidi yenyewe na matabaka. Kila tabaka lina mpangilio wake wa mtu anaporudi, tofauti na ule wa slaidi. Kwa hiyo unaweza kuta slaidi inakumbuka, tabaka linaanza upya. Haivuki slaidi, sawa na ile ya kwanza.

Inaharibikaje. Ukifungua tabaka, kwa kawaida yake linayaficha mengine. Kwa maelezo ni jambo jema. Kwa tiki ni balaa: tabaka la tiki ya Unyevu linapokuja, la tiki ya Mizani linaondoka, na umepata ugonjwa ule ule wa karani wangu kwa sababu tofauti kabisa. Toa alama kwenye kisanduku cha kuficha matabaka mengine. Kingine cha kuangalia ni kile cha kumzuia mtu asibonyeze vitu vya slaidi ya chini. Kikiwa kimewekwa, vitufe vinaonekana vizuri, ila ni kama vimewekwa nyuma ya kioo.

Nimeona mtu akijenga vitufe vyote upya kwa sababu ya kisanduku hicho kimoja.

Kwenye simu. Tiki iliyokaa juu ya kitufe inaweza kuupokea mguso badala ya kitufe. Isogeze pembeni, au kitufe kiwe na nafasi ya kutosha kidole kikipate. Matabaka yenye picha kubwa kila moja yanaongeza pia uzito wa slaidi, na bando ni la mwanafunzi.

Kazi. Ya wastani, lakini ya wazi. Kila kitu unakiona kwenye paneli kwa macho. Humtafuti mtu ndani ya orodha ya triga.

Inamfaa nani. Mchoraji, au mwalimu anayefikiri kwa picha. Na timu ambayo maelezo ya kila kitufe yanabadilika kila msimu. Bei, madaraja na taratibu zikibadilika, mtu anafungua tabaka moja, anarekebisha, anafunga, bila kugusa kitufe.

## Wa programu nyingine

Kwenye Captivate ile ya zamani mawazo ni haya haya, ila kumbukumbu inawekwa kwa kila kitu peke yake: kitufe kina kisanduku cha kuhifadhi hali yake slaidi ikirudiwa. Ukisahau kimoja kati ya vinne, kimoja ndicho kitakachosahau, na utadhani ni mkosi. Pia kitufe chake kinasimamisha muda wa slaidi mahali pake, kwa hiyo kitu kilichopangwa kutokea baada ya hapo kitasubiri hadi kitufe kibonyezwe.

H5P ni habari nyingine. Ni ya bure, ilianzia Norwei, inaingia kwenye Moodle na WordPress, na hali za vitufe hazimo mikononi mwako kabisa. Kumbukumbu inapangwa na programu, haiharibiki kwa triga kwa kuwa huandiki triga, kwenye simu inajipanga yenyewe, kazi ni ndogo. Unacholipa ni uhuru: huwezi kukiamuru kitufe kimoja kingojee kingine kwa masharti yako. Inamfaa mwalimu mwenye vipindi vingi na muda mchache. Kama somo lako ni maswali, kadi na video zenye vituo, sioni sababu ya kuhangaika na yote niliyoandika hapo juu.

## Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Una slaidi moja yenye vitufe, na unachotaka ni tiki na mlango. Tumia hali za ndani. Visited, si Selected. Ondoa triga za kangomba, toa vitufe kwenye seti, weka slaidi iendelee na hali iliyotunzwa.

Una menyu ambayo mwanafunzi anairudia baada ya kila sura. Vigeu, bila kusita, na sura iwekwe alama inapokwisha, si inapofunguliwa. Andika orodha ya vigeu kwenye karatasi kabla hujafungua kompyuta. Usiku ule nilioijenga upya menyu ya makarani, karatasi ndiyo iliyoniokoa umeme ulipokatika.

Maelezo ndani ya vitufe yanabadilishwa mara kwa mara na mtu asiyejua programu vizuri. Matabaka kwa maelezo. Kwa tiki, bado unaweza kutumia Visited ya kitufe. Hakuna sheria inayokataza kuchanganya, mradi kila kitufe kiwe na mmoja tu anayekiamuru.

Unakabidhi faili kwa mtu mwingine, labda chuo au ofisi ambayo hutakuwepo kuwasaidia. Chagua njia ambayo huyo anayebaki anaielewa, hata kama siyo unayoipenda. Faili langu moja lenye vigeu 30 lilirudishwa kwangu mara tatu na watu wema kabisa, kila mmoja akiwa amefuta triga aliyoiona haina kazi.

Somo ni refu na linaingia kwenye mfumo wa SCORM 1.2. Pima kwanza kwa jaribio la kweli: pita somo zima, funga, rudi kesho yake. Likisahau mwisho na kukumbuka mwanzo, ligawe masomo mawili au uzungumze na msimamizi wa mfumo kabla hujagusa kitufe chochote.

Umebaki na siku moja ya kukabidhi na vitufe vimegoma. Usibadili njia leo. Hakikisha faili liko kwenye diski ya kompyuta yenyewe, siyo kwenye flashi au mtandao. Fungua faili jipya, ingiza slaidi mbovu humo, wakati mwingine hilo peke yake linatosha. Likigoma, futa triga zote za slaidi hiyo moja, zirudishe moja baada ya nyingine, na baada ya kila moja jaribu. Triga itakayokileta kichaa ndiyo yenyewe. Kisha mpe simu mtu ambaye hajawahi kuliona somo, usimwelekeze chochote, na uangalie kidole chake kinaanzia wapi.